Mkono unaokufa ganzi usiku: mwongozo kwa watu wa kinu, jembe, wavu na pikipiki

Unaamka saa nane za usiku. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinachomachoma, kiganja kimekuwa kizito, na unakaa kitandani ukiukung'uta mkono mpaka uchangamke. Asubuhi unajiambia kwamba uliulalia. Ikitokea mara moja, huenda ni kweli. Ikirudi usiku baada ya usiku, hasa msimu wa kulima au baada ya siku nzima ya kutwanga, kuna uwezekano mkubwa kwamba neva inabanwa kwenye kifundo cha mkono. Hospitalini utasikia wakiuita ugonjwa huu kwa Kifaransa, canal carpien.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Baraka, Mboko, Sebele, Fizi mjini au Misisi ambaye hawezi kuacha kazi. Kumwambia mama anayetwanga sombe kila siku apumzishe mkono mwezi mzima ni kumpotezea muda. Ni hivyo hivyo kwa motari anayesubiriwa na mwenye pikipiki kila jioni. Kinachowezekana ni kubadili namna unavyoshika, unavyokunja na unavyolala. Hayo hayagharimu pesa, na yakianzwa mapema hufanya kazi kubwa.

Kwanza, elewa kinachobanwa

Kwenye kifundo, mifupa midogo 8 imejipanga kama nusu duara, na juu yake umepita utepe mgumu wa nyama nyeupe. Katikati ya mifupa na utepe kuna njia nyembamba. Ndani yake zinapita kano 9 zinazokunja vidole, pamoja na neva moja. Ni kama teksi iliyojaza abiria kumi: tisa wana mabega mapana, na wa kumi, aliye dhaifu kuliko wote, ndiye wa kwanza kupiga kelele gari likikata kona. Neva ndiyo huyo wa kumi.

Neva hii ndiyo inayokupa hisia kwenye gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, ile nusu inayotazama kidole cha kati. Pia inaendesha misuli iliyonona chini ya gumba. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine, ambayo haipiti humo. Liweke akilini hilo, litakusaidia mbele.

Njia hiyo hubana zaidi mambo haya yanapokutana:

1. Kifundo kimekunjwa, kwa ndani au kwa nje.
2. Vidole vimekaza kwa nguvu.
3. Mwendo ni ule ule, unarudiwa mara mamia.
4. Chombo kinatetemeka au kinagonga: pikipiki, nyundo, mashini ya kutoboa mwamba.

Jambo moja peke yake mkono hulivumilia. Yakikutana mawili au matatu, kwa saa nyingi, kano huvimba na neva hukosa nafasi. Maandishi mengi ya ugonjwa huu humwonya karani wa kompyuta. Kwa maoni yangu onyo hilo limepelekwa kwa mtu asiye wa kwanza kwenye foleni: kazi ya nguvu na mtetemo hubana neva kuliko kuchapa. Fizi na Baraka hatukosi kazi za namna hiyo.

KISANDUKU: Jipime kwa dakika moja

Kaa chini, egemeza viwiko juu ya meza. Kutanisha migongo ya viganja viwili, vidole vikielekea chini, viganja vikiwa vimelegea. Usisukume kwa nguvu. Hesabu polepole mpaka 60.

Ganzi au mchomo ukija kwenye gumba, shahada na kidole cha kati, shuku canal carpien. Pima na hili pia: je, ukiukung'uta mkono usiku unapata nafuu? Je, vikombe vinakuponyoka? Kufunga vifungo vya shati kumekuwa kazi? Kipimo hiki si hukumu ya daktari, lakini kinatosha kukufanya uanze kujilinda leo.

Kinu na mchi

Nianze hapa, kwa sababu ndiyo kazi inayokula mikono mingi: sombe, muhogo mkavu, ngazi za mawese, na kule kwenye machimbo ya dhahabu, mawe yenyewe.

Mtazame mtu anayetwanga kwa makini. Mchi unapopanda, mkono unatakiwa ubane. Unaposhuka hautakiwi kubana hata kidogo, maana uzito wa mti unatosha. Wengi wetu tunabana muda wote, na mchi ukigonga chini kishindo chote kinapanda kifundoni. Jifunze hivi:

1. Shika mchi kama unayemsalimia mtu, gumba likiwa juu, kifundo kimenyooka na mkono wa mbele.
2. Shika usawa wa tumbo hadi kifua. Ukishika juu ya uso, kifundo kitajikunja kwa nyuma bila wewe kujua.
3. Inua kwa bega na kiwiko. Mchi ukifika juu, legeza vidole, uache uteleze kidogo kiganjani unaposhuka. Kaza tena wakati wa kuinua tu.
4. Badili mkono mapema, kabla haujachoka. Badili kila baada ya wimbo mmoja, kama mnaimba.
5. Mkiwa wawili, twangeni kwa kupokezana katika kinu kimoja. Nusu ya mapigo ni ya mwenzako.
6. Kinu kikiwa kifupi, kiweke juu ya kitu imara kisichoyumba, ili usitwange ukiwa umeinama na vifundo vimepinda.

Mchi wenye mafundo au ulio mwembamba mno hulazimisha vidole kukaza. Ulainishe kwa kipande cha chupa, kisha uongeze unene kwa njia nitakayoieleza kwenye jembe. Na palipo na mashini ya kusaga, ukiwa na pesa kidogo, usione haya kuipeleka sombe huko mkono unapouma. Najua wapo watakaosema sombe ya mashini haina ladha. Wape wao mchi.

Kwa akina mama wanaotwanga mawe ya dhahabu, mambo ni mazito zaidi, kwa sababu chuma juu ya jiwe hugonga bila kusamehe. Fungeni mpini kwa mpira, pokezaneni, na msikae kwenye kazi hiyo hiyo tangu asubuhi mpaka jioni: mmoja atwange, mwingine achekeche, kisha mbadilishane.

Nguo na bugali

Kufua hakuumizi sana. Kinachoumiza ni kukamua. Blanketi lililolowa, au kitenge cha yadi sita, likisokotwa kwa mikono miwili, linaleta mambo matatu kwa pamoja: kukunja, kubana na kurudia. Fanya hivi: lizungushe blanketi kwenye nguzo au tawi imara, shika ncha zote mbili kwa mkono mmoja mmoja, kisha vuta kwa kuegemea nyuma na mwili wako. Au mshike wawili, kila mtu upande wake. Au, na hili ndilo ninalolipendelea, lianike likiwa linatiririka maji. Jua la Tanganyika halihitaji msaada wako.

Kwenye bugali, tumia mwiko mrefu wenye mpini mnene. Sufuria iwe chini kiasi cha kukuwezesha kusukuma kwa mabega, mikono yote miwili juu ya mwiko. Familia ikiwa kubwa, songa mara mbili, sufuria ndogo ndogo. Bugali ya watu kumi na wawili ndani ya sufuria moja ni kazi ya mikono ya watu wawili.

Bidoni la lita 20 lina kishikio chembamba kinachokata vidole. Likiwa kichwani, mikono inapona. Ukilazimika kulibeba kwa mkono, zungushia kishikio kitambaa, na ukimimina shika kwa mikono miwili.

Jembe na panga

Mpini mzuri una unene wa sentimita 3 hadi 4. Huna rula? Ushike: ncha ya gumba ifike karibu na ncha ya kidole cha shahada. Vikipishana sana, mpini ni mwembamba, na vidole vitabana kupita kiasi. Ukate utepe wa shambrea, ule mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, uuzungushe kwenye mpini kwa kuuvuta, ufunge mwisho. Mpira huongeza unene, huzuia kuteleza, na hupunguza kishindo. Shambrea iliyokufa ipo nyuma ya kila fundi baiskeli.

Noa jembe na panga. Hili watu hulidharau, lakini panga butu hudai nguvu zaidi kwa kila pigo. Unapokata, mwendo utoke kwenye bega na kiwiko, kifundo kikae kimenyooka. Baada ya mistari michache, badili kazi: kusanya majani, panda, beba. Mkono haujali kama umepumzika au umebadilishiwa kazi, mradi mwendo si ule ule.

Ziwani

Wavuvi wa ndakala huvuta kamba usiku, mikono imelowa na ina baridi. Baridi hufanya vidole vikaze zaidi ili visiteleze. Kausha mikono na uipashe moto kabla ya kuvuta, na vaa glavu za kitambaa zenye mpira kiganjani kama zinapatikana. Usijiviringishie kamba kwenye kiganja ili ipate kushika: inaminya juu ya njia ile ile ya neva, na wavu ukinasa chini inaweza kukukata vidole. Vuta kwa kuegemeza mwili nyuma, mikono ikiwa imenyooka, na badilishaneni nafasi ndani ya mtumbwi. Kwenye kasia, mkono wa juu ulegee. Ule wa chini ndio wenye kazi.

Motari, msusi, mshonaji

Barabara ya Uvira hadi Baraka na kuendelea Fizi inajulikana kwa mashimo yake, na kila shimo linafika kifundoni kupitia usukani. Motari, usikaze usukani kana kwamba utakimbia. Shusha kidogo vishikio vya breki na ambrayaji kwa fundi, ili vidole vikiwa juu yake kifundo kiwe kimenyooka, kisipinde kwenda juu. Mkono wa gesi ndio wenye shida kubwa, maana unakaa umekunjwa kwa nyuma saa nzima: ukisubiri abiria, uachie kabisa na ufungue vidole. Mpira wa kishikio ukiisha, ubadilishe.

Msusi, mteja wako akae chini kiasi kwamba viwiko vyako vinabaki karibu na mbavu. Mshonaji, noa mkasi, na kata vitambaa vichache kwa mara moja. Mtu wa simu, ilaze juu ya kitu na utumie vidole tofauti. Hapo sina la kuongeza.

Usiku: banzi la karatoni

Tukilala, wengi wetu hukunja vifundo chini ya shavu au chini ya mtoto. Ndiyo maana ganzi huja usiku hata kama kazi ilikuwa mchana. Banzi linalonyoosha kifundo wakati wa kulala ndilo tiba ya kwanza ambayo daktari mwenyewe angekupa, na unaweza kulitengeneza nyumbani.

1. Tafuta karatoni ngumu au ubapa wa mwanzi uliolainishwa kingo. Urefu uanzie katikati ya mkono wa mbele na kuishia kwenye mkunjo wa kiganja, chini kidogo ya mizizi ya vidole.
2. Lifunike kwa kitambaa laini, hasa kwenye ncha.
3. Liweke upande wa kiganja. Nyoosha kifundo: kisiiname, kisipinde nyuma.
4. Funga kwa bendeji au utepe wa kitenge, mahali pawili: kwenye mkono wa mbele na kwenye kiganja. Usikaze juu ya kifundo chenyewe. Vidole vyote na gumba vibaki huru.
5. Jaribu: minya ukucha uwe mweupe, kisha achia. Usiporudisha rangi yake ndani ya sekunde 2, umefunga kwa nguvu mno. Legeza.
6. Livae kila usiku kwa wiki 6, hata ganzi ikipungua wiki ya pili.

Mchana usilivae ukifanya kazi za nguvu. Mkono utapigana nalo na kuchoka zaidi.

Mazoezi machache

Asubuhi na katikati ya kazi: nyoosha vidole vyote, kisha kunja viungo vya juu tu kama ndoano, kisha funga ngumi laini, kisha nyoosha tena. Mara 5 kila mkono, bila maumivu. Husaidia kano kuteleza vizuri, lakini usiyategemee peke yake kama kazi yenyewe hujaibadili.

Makosa tunayoyaona kila siku

*Kufunga kamba au bangili ya mpira kwa nguvu kifundoni.* Watu hudhani inatia nguvu. Inaongeza kubanwa kwa neva iliyokwisha kubanwa.

*Kuchanja kwa wembe na kupaka dawa.* Neva ipo karibu sana na ngozi hapo. Wembe mmoja unaweza kuleta usaha, au kuikata.

*Kukandwa kwa nguvu juu ya kifundo.* Mkono wa mbele ukandwe polepole ukitaka, kifundo kiachwe.

*Kumeza dawa za maumivu mfululizo.* Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza kwa muda lakini hazifungui njia, na zikimezwa wiki nyingi huharibu tumbo na figo. Deksametazoni na prednisoloni zinazouzwa kwa kukisia kwenye maduka ya dawa ni hatari zaidi.

*Kuchomwa sindano ya kifundo na mtu yeyote.* Sindano hiyo ipo na inasaidia, ila achome aliyefundishwa. Ikiingia kwenye neva yenyewe, itaiumiza kwa muda mrefu.

*Vitamini B6 nyingi.* Haijathibitika kuponya ganzi hii, na ukizidisha kwa miezi yenyewe huweza kuharibu neva.

Mjamzito na mama anayenyonyesha

Miezi ya mwisho ya ujauzito mwili hushika maji, na njia ya kifundoni hubana. Mara nyingi ganzi huisha wiki chache baada ya kujifungua. Mama, tumia banzi la usiku, inua mikono juu ya mto, na uwape wengine kazi ya kukamua nguo. Ukiwa na mimba, usimeze ibuprofeni wala diklofenaki. Ukinyonyesha, mto au kitenge kilichokunjwa ndicho kibebe kichwa cha mtoto, kifundo chako kisikunjike chini yake.

ONYO: Mikono ikivimba pamoja na uso, kichwa kikiuma sana, au ukiona nyota machoni, hilo si jambo la kifundo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni presha ya ujauzito.

Si kila ganzi ni ya kifundo

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ukikosea utapoteza muda ambao neva haitakurudishia.

Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete peke yake hutoka kwenye kiwiko mara nyingi, na banzi la kifundo halitaisaidia.

Ganzi pamoja na alama ya ngozi iliyofifia au nyekundu, isiyosikia hata ukiigusa kwa unyoya, inaweza kuwa ukoma. Ukoma bado upo Kongo. Dawa zake hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12, na ukianza mapema mkono unabaki salama.

Ganzi ya miguu yote na mikono yote inataka upimwe kisukari. Kama unameza dawa za kifua kikuu, usiziache. Mwambie muuguzi, kwa kuwa moja ya dawa hizo huweza kuleta ganzi na ina kinga yake. Mchimbaji anayechoma dhahabu kwa zebaki na mikono inamtetemeka amweleze daktari kuhusu zebaki, asione aibu.

Uvimbe wa shingoni, goita, nao huenda pamoja na ganzi ya mikono tezi ikifanya kazi kidogo. Kutibu tezi hupunguza ganzi.

Mkono ukidhoofika ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakagoma, hicho huenda ni kiharusi. Usisubiri asubuhi.

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa kama:

☐ Banzi la wiki 6 halijaleta nafuu.
☐ Ganzi imekaa mchana na usiku, haiondoki.
☐ Nyama ya chini ya gumba imeanza kubonyea kuliko ya mkono mwingine.
☐ Unaungua au kujikata bila kusikia.
☐ Ganzi ilianza baada ya kuanguka au kuvunjika mkono. Hii ni ya siku hiyo hiyo.
☐ Kifundo ni cha moto, kimevimba, na una homa. Hii nayo ni ya leo.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa watakuandikia barua ya kwenda hospitali, ya Baraka, Fizi au Nundu kulingana na unapoishi. Ikihitajika, upasuaji wake ni mdogo: wanakata ule utepe mgumu ili njia ipanuke, mara nyingi kwa dawa ya ganzi ya mkono tu, na unarudi nyumbani siku hiyo. Unapofanyika kabla nyama ya gumba haijaisha, nguvu hurudi vizuri zaidi.

Ukifika mbele ya muuguzi, usiseme tu "mkono unauma". Mwambie ni vidole vipi, taja kimoja kimoja. Mwambie huja saa ngapi, umeanza lini, unafanya kazi gani kwa mikono, unameza dawa gani, kama una mimba, na kama kuna kisukari nyumbani kwenu. Mwonyeshe viganja vyote viwili pamoja, ili alinganishe nyama ya gumba. Na ulivae lile banzi uende nalo, aone kama umelifunga sawa.